Mjadala: Fremu ya Kuuzunguka Meru kwa Mfuko wa Kawaida

Anayeuzunguka Mlima Meru kwa baiskeli akianzia Arusha mjini hushuka kwanza kwa lami hadi Usa River, malori ya Moshi yakimpita ubavuni. Pale hukunja kushoto, akaifuata barabara ya Ngongongare na Momella mpaka Ngare Nanyuki, kwenye mashamba ya nyanya. Huko mvua za upande wa Tengeru zimeshabaki nyuma ya mlima. Kilichopo ni vumbi laini la majivu ya volkano, linaloingia kwenye cheni, kwenye gololi na kwenye meno. Kutoka hapo hadi Oldonyo Sambu ni mawe, mchanga na makorongo, halafu lami ya Namanga inamrudisha Ngaramtoni na Sakina. Katika njia hiyo tairi la resi halidumu, na baiskeli ya Fonix, pamoja na ugumu wake wote, inamaliza magoti ya mtu kwenye milima.

Baiskeli zinazofaa zipo, za aina mbili. Saiklokrosi ilizaliwa kwenye mashindano ya matope ya Ulaya: Ufaransa ilikuwa na ubingwa wake wa taifa tangu 1902, na ubingwa wa dunia ulianza Paris mwaka 1950. Ni baiskeli yenye usukani wa resi, nafasi ya tairi pana kidogo, na fremu ambayo mshindani huitupa begani anapofika kwenye kikwazo. Ya pili ni baiskeli ya safari: ndefu zaidi, tulivu, yenye matundu ya skrubu ya kufungia keria na madigadi. Ubishi uko kwenye namna ya kuipata mojawapo bila kuuza shamba, na namna ya kuipata ikiwa saizi yako. Hoja nimezigawa kwa sauti nne: fundi wa Ngarenaro, kijana wa kikosi cha Jumamosi, mwalimu wa sekondari anayetaka kuuzunguka mlima na mabegi yake, na muuza baiskeli za mtumba. Pale ninapoona mmoja wao anapotosha, nitaingilia.

KIJANA: Shikamoo, fundi. Mimi sina maneno mengi, natafuta saiklokrosi. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabara ulikuja Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, tukamwona Mslovenia Tadej Pogačar anashinda kwenye milima kama hii yetu. Tangu siku hiyo kila chalii wa Chuga anataka usukani wa resi. Ila tairi la milimita 25 ukiliingiza barabara ya Momella ni pancha juu ya pancha. Saiklokrosi inachukua 33 na kuendelea. Jumamosi naenda nayo Tengeru na wenzangu, Jumapili napanda nayo Ilkiding'a.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Haya, tairi likichanika Ngare Nanyuki?

KIJANA: Nanunua la inchi 28. Tairi la Fonix halikosekani dukani.

FUNDI: Hapo ndipo mnapolia. La Fonix limeandikwa 28, na la baiskeli yako kutoka Ulaya nalo linaandikwa 28, lakini hayavaliani. Nimeshawaona watu wanalivuta kwa spana mbili mpaka tyubu inapasuka, kumbe hata rimu si yake.

Fundi yuko sahihi, na jambo hili lilitakiwa kuandikwa ukutani kwa kila muuza spea. Pembeni mwa tairi, karibu na ile namba kubwa, kuna tarakimu ndogo. Tairi la Fonix husoma 40-635. La saiklokrosi husoma 33-622 au 37-622. La baiskeli ya mlimani ya inchi 26 husoma 50-559 au karibu na hapo. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Kati ya 635 na 622 kuna milimita 13, na milimita 13 hazivutiki kwa spana.

KIJANA: Basi nabeba tairi la akiba. Yapo yanayokunjika.

FUNDI: Utabeba. Lakini mimi ningekuwa na safari ya mlima mzima, ningetafuta fremu ya mlimani ya zamani, ya miaka ya tisini kurudi nyuma, ya chuma, isiyo na shokapu. Magurudumu ya 26. Tairi lake utalikuta mpaka kwenye duka linalouza sabuni na mafuta ya taa. Ina matundu ya keria, ina nafasi ya tairi pana, na nyingi za zamani zaidi zina bomba ndefu za chini za nyuma. Hiyo ni baiskeli ya safari, tatizo lake hakuna aliyeipa jina hilo.

MUUZAJI: Tena hizo ndizo zinazolala stoo. Mteja akija anabonyeza mbele na nyuma kuona kama inanesa. Yenye shokapu mbili inaondoka kwa bei nzuri hata kama shokapu zenyewe zimekufa. Ya chuma tupu naishusha bei mpaka naona aibu. Ukija na hoja ya fundi, kaka, wewe ni mteja ninayekuombea uje kila wiki.

MWALIMU: Naomba niulize kitu ambacho naona mnakiruka. Mimi nina sentimita 158. Nimezunguka soko la Kilombero, nimefika mpaka soko la Memorial kule Moshi, na kila ninapokwenda naambiwa maneno mawili: "shusha siti" na "utazoea". Siti nimeishusha mpaka mwisho. Miguu inafika chini, sawa, lakini mikono imenyooka kama ninasukuma mkokoteni, na nikifika Usa River vidole vimekufa ganzi. Sasa mnabishana 26 au 28. Mimi nauliza, fremu ya mtu wa kimo changu iko wapi?

Hapa naingilia kwa nguvu zaidi, kwa sababu swali la mwalimu ndilo lilipaswa kutangulia. Karibu kila kitu kwenye baiskeli kinabadilishwa: siti inapanda na kushuka, shingo ya usukani inafungwa nyingine fupi au ndefu, gia zinabadilishwa, magurudumu yanafumwa upya. Kisichobadilika ni mabomba ya fremu, na lenye kuamua zaidi ni la juu, linalotoka kwenye siti kwenda kwenye usukani. Likikuzidi, hakuna fundi atakayelipunguza. Ukisukuma siti mbele ili uufikie usukani, unaharibu mkao wa goti juu ya pedeli, kwa hiyo maumivu yanahama tu kutoka bega kwenda gotini. "Utazoea" ni ushauri wa mtu anayetaka kufunga biashara.

MUUZAJI: Dada, usinihukumu. Mimi kontena sichagui. Linakuja limejaa lilivyojaa. La Uholanzi linakuja na fremu za watu warefu, hata mimi nikipanda miguu inaning'inia. La Japani ndilo lenye ndogondogo, ila nyingi ni zile za kikapu mbele, za kwendea sokoni. Ndogo halafu ya mlimani halafu ya chuma, hiyo inakuja kwa bahati, na nisipokuwa na simu yako nampa wa kwanza kufika.

MWALIMU: Basi chukua namba yangu. Na utanijulisha kuhusu saizi ipi? Maana ukisema "ndogo", ndogo yako na yangu si moja.

FUNDI: Mwalimu, hiyo tunapima sasa hivi. Vua viatu, simama ukutani, shika daftari lako katikati ya miguu, lipande mpaka juu kabisa kama siti.

Kipimo anachokitafuta fundi ni urefu wa mguu kwa ndani, toka sakafuni hadi daftari linapokwama. Kwa mwalimu ni sentimita 72. Kuna hesabu mbili za zamani za kocha Mfaransa Cyrille Guimard, ambazo mwendesha baiskeli Mmarekani Greg LeMond alizieneza kwenye kitabu chake. Zidisha urefu huo kwa 0.883 upate kimo cha siti kutoka katikati ya ekseli ya pedeli, ile inayopita ndani ya fremu. Kwa mwalimu ni karibu 63.6. Zidisha kwa 0.67 upate urefu wa bomba la kiti kwa baiskeli ya resi. Kwake ni 48. Kwa fremu ya mlimani toa kama sentimita kumi au zaidi, ukafika kwenye inchi 15 hivi, na 16 ndiyo mpaka wake. Ni mahali pa kuanzia tu, kwa sababu wapo wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na viwanda navyo havipimi kwa namna moja: wengine hupima bomba la kiti mpaka katikati ya makutano yake na la juu, wengine mpaka ncha. Kwa hiyo namba iliyobandikwa kwenye fremu usiibishie wala usiiamini. Chukua futi, lilaze sawa na ardhi, upime kutoka katikati ya shingo ya mbele hadi katikati ya bomba la siti. Huo ndio urefu utakaoishi nao.

KIJANA: Mimi mguu wangu ni 84. Kwa hesabu yako nipo kwenye 56.

FUNDI: Kwa resi. Saiklokrosi chukua pungufu kidogo, 54 inakutosha, maana kwa nyingi ekseli ya pedeli imeinuliwa na utataka nafasi ya kuruka chini kwenye mawe bila kujiumiza. Ukisimama juu ya bomba pabaki vidole viwili au vitatu.

KIJANA: Na kama nikichukua ya mlimani ya bei ya kutupa, nikafunga usukani wa resi? Nimeona watu wanafanya.

Wazo hili ni zuri, na ndilo linalopoteza hela za vijana wengi. Fremu ya mlimani imetengenezwa kwa usukani ulionyooka, kwa hiyo bomba lake la juu ni refu tangu mwanzo. Usukani wa resi unapeleka mikono mbele tena, sentimita saba mpaka kumi. Mtu aliyekuwa anakaa vizuri anajikuta amelala. Dawa ni kuchukua fremu ndogo kuliko saizi yako ya kawaida ya mlimani, na shingo ya usukani fupi inayopanda juu.

FUNDI: Halafu breki. Kishikio cha breki cha resi kinavuta waya kidogo. Breki za V zinataka waya mwingi. Ukiziunganisha hivyo hivyo, unabana mpaka kidole kinagusa usukani na baiskeli bado inatembea. Uko kwenye mteremko wa Ngaramtoni, daladala imesimama mbele. Kwa usukani wa resi tafuta fremu yenye breki za kantileva, zile za zamani zenye waya unaogawanyika katikati. Hizo zinaelewana. Kwa bahati nzuri fremu za tisini nyingi zilikuja nazo.

KIJANA: Kwa hiyo ya tisini tena.

FUNDI: Mimi sikusema uinunue. Umesema mwenyewe.

MUUZAJI: Tuseme na mpya. Yupo mteja aliniambia niagize Surly kutoka Marekani, Cross-Check. Nikamwambia kwanza wameshaacha kuitengeneza, pili fremu peke yake ilikuwa mamia ya dola, bado usafiri, bado ushuru na VAT. Ukimaliza hapo una chuma mkononi, hakina hata pedeli.

KIJANA: Lakini chuma hicho kingemfaa. Tusiseme kizuri ni kibaya kwa sababu hatuna hela.

Hoja ya haki kabisa. Cross-Check ilipendwa kwa sababu iliunganisha vitu viwili tunavyobishania: usukani na mbio za saiklokrosi, matundu ya keria ya baiskeli ya safari, na nyuma nafasi ya kuingiza habu ya resi ya milimita 130 au ya mlimani ya 135. Fundi hana chochote cha kuijibu kwa ubora. Ana la kujibu kwa bei tu, na bei ndiyo iliyotuleta kijiweni.

MWALIMU: Naomba niwachokoze mafundi. Arusha hii hii ndiko Global Cycle Solutions walikoanzia na mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Bernard Kiwia, aliyeanza kama fundi baiskeli, amejulikana mpaka nje kwa mashine anazobuni kutokana na spea za baiskeli. Zamani kiwanda cha NABICO kilitengeneza baiskeli za Swala Dar es Salaam. Sasa mimi nikitaka fremu ya saizi yangu, kwa nini nisubiri kontena la Mjapani? Si mnichomelee?

FUNDI: Mwalimu, kuchomelea nitachomelea. Bomba gani? La maji? Litakubeba wewe na ng'ombe, ila hulipandishi Sekei. Fremu nzuri ya chuma ina bomba ambalo katikati ukuta wake haufiki milimita moja. Welding ya umeme ya hapa mtaani, ile ya kuchomea mageti, ukiigusisha inatoboa. Hizo zinaungwa kwa gesi na shaba, taratibu, na fremu iwe imebanwa kwenye meza ya vipimo isipinde moto ukiingia. Bomba zenyewe hapa siuziwi. Nikupe ahadi ya uongo?

MWALIMU: Ufa mdogo je? Maana mtumba hauji bila kasoro.

FUNDI: Ufa kwenye chuma unazibika, kwa gesi na shaba. Kwenye aluminiamu, mimi sikupokei. Ndiyo maana natembea na hii.

Anachokitoa mfukoni ni sumaku ya spika ya redio. Anaigusisha kwenye bomba: ikishika ni chuma, isiposhika ni aluminiamu au kitu kingine, na bei unaishusha au unaondoka. Kisha anachukua uzi. Anaufunga mahali ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa upande wa kushoto, anauzungusha shingoni mwa fremu kwa mbele, anaurudisha nyuma upande wa kulia na kuukaza. Sasa uzi unapita pande zote mbili za bomba la kiti. Anapima nafasi kati ya uzi na bomba, kushoto, halafu kulia. Zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zikipishana, ilishagongwa, na baiskeli itakuwa inatembea upande maisha yake yote. Mwisho anapapasa kwa kidole gumba chini ya bomba mbili pale zinapokutana na shingo ya mbele. Rangi iliyokunjamana hapo, hata kama fremu inang'aa, ni kumbukumbu ya ukuta au gari. Na kabla ya kutoa hela anajaribu kuchomoa bomba la siti, kwa sababu la aluminiamu lililokaa miaka ndani ya chuma linaganda, na fremu ambayo siti yake haipandi wala haishuki ni ya mtu mmoja tu duniani, yule aliyeiacha.

KIJANA: Mzee, hayo yote na mimi nakubali. Ila mbona mnanisukuma kwenye baiskeli ya kubebea mkaa? Bingwa wa Tour de France, Chris Froome, alijifunza kule Kikuyu, Kenya, kwa David Kinjah, hakuanzia kwenye baiskeli ya mamilioni, lakini alikuwa anashindana. Mwendo nao ni kitu.

FUNDI: Na Kinjah huyo huyo anawafundisha vijana wake wa Safari Simbaz ufundi pamoja na kupanda. Uliza kwa nini.

KIJANA: Najua kwa nini. Nakuuliza kuhusu mwendo.

Kijana haombi kubembelezwa hapa, na mimi niko upande wake kwa nusu. Kwa anayetoka asubuhi na kurudi mchana bila mzigo, saiklokrosi inayomkaa ni baiskeli bora kuliko ile ya fundi, na tairi la akiba linalokunjika linamaliza hofu ya 622. Tatizo linaanza mzigo unapoingia. Saiklokrosi ya mashindano ni fupi nyuma, bomba la chini la nyuma lina kama sentimita 42 au 43, wakati la baiskeli ya safari hufika 45 na kuzidi. Weka mabegi ya pembeni kwenye ile fupi, kila pedeli inapozunguka kisigino kinagonga begi. Nyingi hazina hata tundu la keria. Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana ni atalala wapi. Akilala kwake Sakina, anunue anachokitaka. Akilala Ngare Nanyuki, hoja za fundi zinarudi zote.

MUUZAJI: Basi nina mbili stoo. Moja ni saiklokrosi ya aluminiamu, foku ya chuma, imeandikwa 54. Nyingine ya mlimani, inchi 15, ya chuma, haina shokapu, rangi imebabuka.

FUNDI: Lete uzi uzipime zote. Hiyo ya kubabuka mwalimu asiikatae kwa rangi.

MWALIMU: Rangi nitapaka. Bomba la juu lina ngapi?

MUUZAJI: Hilo sijawahi kuulizwa.

MWALIMU: Kalipime leo jioni, uniandikie kwenye simu. Likiwa chini ya 54 nakuja kesho, na keria ya mbele na nyuma fundi atanitengenezea hapa, hiyo najua anaiweza.

FUNDI: Hiyo hata usiku.

KIJANA: Na mimi nachukua ile 54. Tairi la akiba nalikunja, naondoka nalo siku tunayouzunguka mlima.

FUNDI: Utalifunga wapi? Keria huna, na tundu la keria halipo.

KIJANA: Kwenye keria ya mwalimu.

MWALIMU: Kwa nauli ya daladala.